Deiwaka wa mtandaoni na viza ya mwaka mzima

Najua nimepotea, tangu wiki ya sita sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshaanza kuulizana kwenye vimbweta kama jamaa kadisko kimyakimya. Sijadisko jamani, nipo. Majaribio yalinibana, halafu kuna jambo limenitokea chumbani ambalo nimelitafuna wiki nzima na halimezeki. Leo nalitema hapa, mnisaidie.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye humu nitamwita Fundi (ameniruhusu niandike, ila si kwa jina lake), tumenuniana. Leo siku ya kumi. Tunapishana mlangoni kama abiria wa daladala. "Ufunguo uko wapi?" "Juu ya meza." Basi, maongezi ya siku yameisha. Na chanzo cha yote hayo ni muhuri wa mama yangu.

Wanaonijua wanajua mama ana duka la steshenari pale Sinza. Duka dogo tu: fotokopi, kuchapa barua, kuweka vyeti kwenye plastiki, na vocha za simu. Lakini limesajiliwa, lina leseni, lina TIN, na lina muhuri. Sasa usiku mmoja umeme ulikatika, tumekaa na tochi za simu, Fundi akanisogelea kwa sauti ya chini kabisa. "Mwanangu, nisaidie kitu kidogo. Barua tu."

Barua yenyewe ilitakiwa iseme kwamba duka la mama limemtumia Fundi kama mbunifu wa picha na nembo kwa miezi kumi na minane, na kwamba linamlipa dola 2,000 kila mwezi. DOLA ELFU MBILI! Duka ambalo mteja akidaiwa mia mbili ya fotokopi anaandikwa kwenye daftari. Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikajua hatanii.

Barua aliihitaji kwa ajili ya viza ya Hispania. Siyo ya kwenda kusoma wala kutembea. Ni ile ya watu wanaofanya kazi kwa mbali, mtu anakaa huko mwaka mzima na laptopu yake huku wateja wake wako nchi nyingine.

Kabla hamjamhukumu Fundi, niwaambie ukweli wake. Jamaa siyo tapeli. Tangu mwaka wa kwanza, sisi tukiwa tunangoja bumu kama mvua, yeye usiku anachora nembo za watu wa Canada, vifungashio vya kahawa vya watu wa Australia, na kuna Mjerumani mmoja anamtumia kazi kila mwezi bila kukosa. Mwezi mzuri anapata kama dola 1,200. Hiyo ni pesa ambayo wengi wetu hapa tutaisikia kwenye bomba. Laptopu yake kanunua mwenyewe, na ada ya mdogo wake sekondari analipa yeye. Sasa mtu kama huyu anaomba muhuri wa duka la fotokopi wa nini? Hilo ndilo swali lililonifanya nikae macho kusoma masharti, bando likaisha, nikaweka jingine.

Kwa wasioijua habari hii, nieleze kidogo. Zamani ukitaka kuishi nchi ya watu zaidi ya miezi mitatu, mara nyingi ilibidi uwe na mwajiri huko, au chuo, au mke, au mume. Ilipokuja korona, serikali nyingi zikagundua kuna kundi la watu ambao ofisi yao ni laptopu. Estonia ikafungua mlango Agosti 2020. Morisi na Dubai zikafuata mwaka huohuo. Kroatia ikaja 2021, Ureno na Namibia 2022, Hispania mwanzoni mwa 2023, na Afrika Kusini na Kenya zikatangaza zao 2024. Majina yanatofautiana, wazo ni moja: njoo ukae kwetu, kula hela yako hapa, ila usichukue kazi ya mtu wetu.

Ya Hispania ilitokana na sheria yao namba 28 ya 2022, ambayo kwa jumla ilikusudia kuzinyanyua kampuni changa. Masharti yake kwa frilansa, yaani mtu asiyeajiriwa bali ana wateja wake, kwa ufupi ni haya:

Kwanza, kipato. Uoneshe unapata angalau asilimia 200 ya kima cha chini cha mshahara wa kwao. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 1,184, na kinahesabiwa kwa malipo 14 kwa mwaka. Zidisha, gawa kwa miezi 12, halafu mara mbili: unapata kama euro 2,763 kwa mwezi. Kwa hela yetu ni mamilioni ya shilingi, KILA MWEZI. Ukitaka kwenda na mke au mume unaongeza asilimia 75 ya kile kima cha chini, na kila mtu wa ziada asilimia 25.

Pili, elimu au uzoefu. Uwe na shahada au cheti cha taaluma kinachokubalika, au uwe na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu.

Tatu, wateja. Kampuni unayoifanyia kazi iwe imekuwepo na inafanya shughuli kwa angalau mwaka mmoja, na wewe uwe umefanya nayo kazi angalau miezi mitatu kabla ya kuomba. Wateja wawe nje ya Hispania. Frilansa anaruhusiwa kuwa na mteja wa Hispania, lakini kazi hiyo isizidi asilimia 20 ya kazi zake zote.

Nne, vikorombwezo. Cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, mambo ya bima ya afya na hifadhi ya jamii, mihuri ya kuthibitisha vyeti vyako, na tafsiri ya Kihispania iliyofanywa na mtafsiri aliyeidhinishwa.

Ukipita, ubalozi unatoa viza ya hadi mwaka mmoja, na ukiwa kule unaweza kuomba kibali cha hadi miaka mitatu.

Sasa yaangalieni tena masharti hayo wadau. Hakuna anayekuuliza kama unajua kazi! Fundi ana kazi nzuri za kuonesha mpaka unatamani kuzila, hakuna sharti linaloziomba. Kinachoulizwa ni kama kazi yako imeacha alama kwenye karatasi. Nani alikulipa, lini, kwa mkataba gani, kwenye akaunti ya jina gani.

Hapo ndipo nilipomwelewa Fundi, na nikajielewa na mimi pia, kwa sababu sote wawili ni madeiwaka.

Kwa wasomaji wa nje ya Dar, deiwaka ni yule dereva au konda ambaye gari siyo lake na wala hajaajiriwa. Anasimama kituoni, dereva mwenye gari akichoka anamwachia trip mbili tatu, jioni anapewa chake mkononi. Anaweza kuendesha miaka kumi, anajua kila kona ya Ubungo na kila trafiki kwa jina. Lakini siku akienda kuomba kazi ya udereva kwenye kampuni na kuulizwa "ulifanya wapi, leta barua", hana. Kwa karatasi, mtu yule hajawahi kushika usukani.

Sisi tunaofanya kazi za mtandaoni ni madeiwaka hivyohivyo, tofauti ni kwamba tunakaa kivulini. Nimekaa na hesabu za Fundi (kabla hatujanuniana), nikakuta mashimo manne.

Shimo la kwanza ni akaunti. Fundi alipoanza, njia aliyotumia kulipwa ilimruhusu kutuma pesa akiwa Tanzania lakini siyo kupokea. Akafanya wanavyofanya wengi: shemeji yake yuko Nairobi, pesa zinaingia kwa shemeji, shemeji anazitoa kwenye M-Pesa, anakata chake, anamtumia. Miaka miwili na nusu! Kwa hiyo ukichukua taarifa za benki na za simu, frilansa wa chumba chetu siyo Fundi. Ni shemeji wa Nairobi, ambaye hata kalamu ya kuchorea hajawahi kuishika.

Shimo la pili ni mikataba. Hana hata mmoja. Kazi zote zimekuja kwa ujumbe mfupi: "Can you do it by Friday?" Yeye anajibu "Yes", kazi inafanyika, hela inakuja. Ni heshima kubwa kati ya watu wawili waaminifu, lakini ofisa wa viza haijui heshima hiyo.

Shimo la tatu ni wateja wenyewe. Nusu ya wateja wake ni watu binafsi wenye majina kama ya redio za magari. Atathibitishaje kwamba "coffeeking77" ni kampuni iliyokuwepo kwa zaidi ya mwaka? Yule Mjerumani ana kampuni kweli, ila Fundi hajawahi kumwomba hata barua moja. Anaona aibu, anaogopa ataonekana msumbufu na kazi zitaota mbawa.

Shimo la nne ni miaka. Shahada hatuna bado, tuko mwaka wa tatu. Kwa hiyo angetegemea ile njia ya uzoefu wa miaka mitatu. Kwa ukweli wa Mungu, atafikisha miaka mitatu mwezi wa kumi na moja. Kwa karatasi ameanza miezi mitano iliyopita, alipofungua akaunti ya kwake.

Mimi je? Mimi natafsiri na kuweka maandishi kwenye video, Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwaka wangu wa kwanza wote nilifanya kazi kwa akaunti ya kaka, kwa sababu namba ya NIDA ilichelewa na bila NIDA hakuna kilichofunguka. Nilipomwandikia mteja wangu wa wakati ule wiki iliyopita kumwomba barua ya kuthibitisha, alinijibu kwa upole kabisa kwamba hanifahamu, yeye alifanya kazi na mtu mwingine. Mtu mwingine ndiye kaka. Kaka yangu anauza vipuri vya pikipiki, Kiingereza chake ni cha "original or China". Hehehe... nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Haya. Sasa nisikilize upande wa Fundi, maana anazo hoja na sipendi kuandika kama vile hana.

Hoja yake ya kwanza: masharti haya hayakuandikwa kwa ajili yetu. Kweli kabisa. Kiwango cha kipato kimepimwa kwa mshahara wa nchi yao, siyo wetu. Ureno ndiyo kabisa, wanataka mara nne ya kima cha chini chao, kwa hesabu ya 2025 ni euro 3,480 kwa mwezi. Mtu wa Berlin akipata hizo ni mtu wa kawaida tu. Mtu wa Mbagala akizipata, mtaa mzima unajua. Na tusiwaonee Wazungu peke yao. Cabo Verde, Waafrika wenzetu, walipozindua mpango wao mwishoni mwa 2020 waliulenga kwa watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na jumuiya ya ECOWAS. Mtanzania hata uwe na kipato cha mchezaji mpira, hayumo. Afrika Kusini ilipoweka yake 2024 ilidai kipato cha zaidi ya randi 650,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya randi 54,000 kila mwezi.

Hoja yake ya pili: nenda Paje. Utawakuta vijana wa umri wetu, miguu mchangani, laptopu mapajani, wanafanya kazi ileile anayofanya Fundi, pengine kwa mteja yuleyule. Wengi wameingia na viza ya kawaida ya matembezi, inayowapa hadi siku 90. Hakuna aliyewaomba mkataba wala barua ya mteja wakati wanalipia dola zao 50. "Wao wanakuja na laptopu wanaitwa watalii," Fundi aliniambia, "mimi nikienda na laptopu naitwa mshukiwa." Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Hoja yake ya tatu ndiyo iliyonichoma. "Barua yako haisemi uongo kuhusu MIMI. Mimi kazi naijua na pesa napata. Inasema uongo kuhusu karatasi tu."

Nimelala na sentensi hiyo siku kumi. Na hapa ndipo natoa maoni yangu, mniambie kama nimekosea.

Naona amekosea. Na siyo kwa sababu ya sheria tu, ingawa sheria ipo: kughushi nyaraka ni kosa la jinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mwenye kugonga muhuri hachomoki kwa kusema alimsaidia rafiki.

Amekosea kwanza kwenye hesabu. Dola 1,200 zake za kweli siyo euro 2,763. Tuseme barua imepita, taarifa ya benki imepita (maana hiyo nayo kuna jamaa mjini anazitengeneza, eti bei ni maelewano), tuseme Fundi amefika Valencia. Kodi ya chumba italipwa na barua ya mama? Anatakiwa ajiandikishe kule kama mtu anayejitegemea, alipe hifadhi ya jamii kila mwezi, na akikaa zaidi ya siku 183 ndani ya mwaka anahesabiwa mlipakodi wa kule. Halafu siku ya kuongeza muda atatakiwa aoneshe kwamba masharti yaleyale bado anayatimiza. Kwa hiyo uongo ule siyo wa siku moja, ana kazi ya kuulisha kila mwaka. Ile namba tunayoiona kama ukuta wa kutuzuia, kwa upande mwingine ni bei ya kuishi pale. Ukiruka ukuta kwa ngazi ya kuazima, bei inakungoja upande wa pili.

Amekosea pili kuhusu kazi yake mwenyewe, na hili ndilo linaniuma zaidi. Fundi ana ushahidi wa kweli: mafaili ya miaka karibu mitatu yenye tarehe, mazungumzo na wateja, Mjerumani mwenye kampuni halali. Barua ya duka la mama ingewekwa juu ya vitu hivyo vyote, na siku ikijulikana ni ya uongo, hakuna atakayeamini kilicho chini yake. Kukataliwa kwa sababu kipato hakijafika ni kitu kimoja, unarudi mwakani na kipato kikubwa zaidi. Kukataliwa kwa sababu umeleta karatasi ya kughushi ni kitu kingine, unarudi na nini?

Tatu, kuna mama. Ubalozi ukipiga simu dukani, atakayepokea ni yeye. Mama yangu, ambaye habari zake zote za Amerika Kusini na Hispania anazipata kwenye tamthilia, aulizwe kwa sauti ya kiofisi: "Je, unamlipa huyu kijana dola 2,000?" Ama aseme uongo akiwa na miaka hamsini na tatu kwa ajili ya rafiki wa mwanawe, ama aseme ukweli na kumchongea. Muhuri ule aliupata baada ya miaka tisa ya kuchapa barua za watu kwenye meza ya nje, jua lake, mvua yake. Siwezi kuupeleka usiku kama mwizi wa kuku.

Na nne, kuna wanaokuja nyuma. Leo sisi Watanzania tunaoomba viza hizi kama frilansa ni wachache. Ofisa akikutana na barua tano za kwanza kutoka Dar na mbili ni za kupika, ya sita ataiangalia kwa jicho gani? Na ya sita inaweza kuwa ya mdogo wako.

Sasa basi, kusema "usighushi" ni rahisi, hata padri na shehe wanasema. Cha kufanya ni nini? Mimi naona jibu liko kwenye vitu vya kuchosha ambavyo hakuna aliyetufundisha humu chuoni. Tunafundishwa ujasiriamali semista nzima, mpaka "uchambuzi wa masoko", lakini hakuna mhadhara hata mmoja wa jinsi ya kuandika ankara. Nimejifunza kwa mama, kwenye kaunta.

Akaunti iwe ya jina lako. Hata kama makato ni makubwa kuliko kupitia kwa shemeji. Yale makato ndiyo unayonunulia ushahidi.

Pata TIN. TRA wanaitoa bure. Najua mnaogopa kodi, lakini mtu asiyejulikana na TRA ya kwao ataieleza vipi serikali ya Hispania kwamba anafanya biashara?

Kila kazi iwe na ankara yenye namba, tarehe, jina kamili la mteja na anwani yake. Hata kazi ya dola kumi. Ankara namba 1 mpaka namba 90 zikiwa zimepangana na pesa zilizoingia benki, hakuna barua ya duka itakayozishinda.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: nani, kazi gani, malipo kiasi gani, kuanzia lini, na kwamba kazi inaweza kufanyika kutoka popote. Mtumie mteja asaini. Nilimtumia mteja wangu wa sasa nikitetemeka, alisaini ndani ya dakika kumi na kuniuliza kwa nini sikumletea siku zote.

Na barua muombe mteja WAKATI mnafanya kazi, siyo miaka miwili baadaye akiwa ameshakusahau kama mimi nilivyosahauliwa.

Halafu tusikodolee macho Ulaya tu. Morisi ilipoanzisha viza yake ya kukaa mwaka mmoja iliweka kipato cha dola 1,500 kwa mwezi. Namibia iliweka dola 2,000 kwa mtu mmoja, kwa kukaa miezi sita. Fundi wa dola 1,200 yuko hatua moja tu kutoka Morisi, akiongeza mteja mmoja mzuri na karatasi zake zikiwa sawa. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali yenyewe siku unayotaka kuomba, usisome kwangu wala kwa dalali.

Kuna mtu atasema, "Kaka, kwani lazima kuondoka?" Siyo lazima. Mimi mwenyewe sijui kama nitaomba. Lakini karatasi hizohizo ndizo benki itakazokuuliza ukitaka mkopo wa laptopu, ndizo mwenye nyumba wa Mikocheni atakazokuuliza, na ndizo utakazomwonesha baba mkwe siku anauliza "kijana unafanya kazi gani?" na jibu lako siku zote limekuwa "niko mtandaoni, mzee". Hehehe.

Lawama langu la mwisho ni kwa sisi wenyewe marafiki. Miaka karibu mitatu nimelala kitanda cha pili kutoka kwa Fundi, nikijua pesa zake zinapita Nairobi, na sikuwahi kumwambia hata siku moja "bwana, hii itakuja kukusumbua". Nilijua kwa sababu nimekulia kwenye duka lenye mafaili. Nilinyamaza kwa sababu mambo yalikuwa yanaenda. Nimekuja kusema siku nilipoombwa muhuri, na siku hiyo ushauri ulisikika kama dharau. Hapo Fundi ana haki ya kuninunia.

Jana nimempelekea kitabu cha ankara kutoka dukani, kile chenye nakala ya kaboni, mama katoa bure. Nimekiweka juu ya meza yake. Asubuhi nimeamka nimekikuta palepale, hajakigusa. Ila hajakirudisha kwenye meza yangu pia.

Wanakijiwe, mnasemaje? Ungekuwa wewe, ungegonga muhuri? Na wale mnaofanya kazi za mtandaoni, akaunti mnazolipwa ni za majina yenu au ya shemeji? Semeni ukweli, hapa hakuna ofisa wa ubalozi.

Naomba kutoa hoja. Kesho nina jaribio saa mbili asubuhi na sijasoma hata slaidi moja. Mniombee.